Pasaka ya Maganda ya Vitunguu

Nyuma ya mlango wa jiko letu hapa Uppsala, Sweden, kunaning'inia mfuko wa karatasi. Tangu Kwaresima ianze, yeyote anayemenya kitunguu ndani ya nyumba hii anajua maganda makavu hayatupwi, yanaingia mfukoni. Msimamizi ni binti yangu wa miaka 7. Akirudi shule anauminya mfuko, anasikiliza unavyochakarika, kisha ananipa taarifa: "Mama, bado kidogo." Hayo ndiyo maandalizi yetu ya Pasaka, na ninayaandika hapa kwa ajili ya wenzangu wenye watoto wadogo na kazi za zamu, maana haikuwa hivi tangu mwanzo.

Mwaka 2024 nilitaka Pasaka mbili kwa mpigo. Nilitaka ya Bukoba nilikokulia: nguo mpya kwa kila mtoto, ndizi na nyama jikoni tangu alfajiri, chai ya maziwa, wageni kuanzia ibada inapokwisha mpaka giza liingie. Nilitaka pia ya Sweden, watoto wasijione wapungufu kwa wenzao: matawi yenye manyoya ya rangi, mayai, samoni, mguu wa kondoo. Mume wangu ni dereva wa basi, mimi ni muuguzi msaidizi katika nyumba ya wazee. Zamu za sikukuu hulipwa zaidi, kwa hiyo nilichukua ya Ijumaa Kuu na ya Jumamosi jioni. Jumamosi nilirudi usiku, nikakaa kushona pindo la gauni la kitenge huku ndizi zikinisubiri kwenye karai.

Pasaka ya mwaka ule iliangukia 31 Machi, usiku uleule ambao Ulaya husogeza saa mbele. Saa nane za usiku zinageuka saa tisa. Simu hujirekebisha yenyewe, lakini yangu ilikuwa imezimika kwa kukosa chaji, nikaamka kwa saa ya ukutani. Tulipofika kanisani, watu walikuwa wanatoka. Mdogo, wakati huo ana mwaka mmoja, analia kwa njaa na usingizi. Mkubwa akasimama pale ngazini akaniangalia. "Mama, Yesu ameshafufuka bila sisi?"

Nililia kwenye basi njia nzima.

Jioni nilimsimulia mama yangu kwa simu. Hakunilaumu. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilikuwa na shangazi zako watatu jikoni, na bibi yako amembeba mtoto. Wewe una nani?"

Swali hilo lilibadilisha mengi. Pasaka niliyoibeba moyoni tangu utotoni ilipikwa na mikono ya watu sita au saba, na mimi nilikuwa nataka kuitoa kwa mikono yangu miwili baada ya zamu. Wengi wetu huku ughaibuni tunajiumiza hivyo. Tunakumbuka sinia lilivyoingia sebuleni, hatukumbuki waliolibeba.

Sasa naanza na ratiba ya kazi, wiki nyingi kabla. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni siku za mapumziko nchini hapa, ila wazee wetu hawaachi kuhitaji huduma kwa sababu ni sikukuu, na zamu yangu moja lazima niifanye. Moja tu. Naomba ya Ijumaa mchana mapema, na mume wangu anajitahidi apate Jumapili. Fedha ya zamu ya pili inauma kuiacha, sikatai, lakini kwangu thamani yake haifiki asubuhi moja ya utulivu na wanangu.

Nguo mpya tumeacha. Wanavaa safi walizonazo.

Chakula ni sufuria moja kubwa. Nyama ya kondoo nairowesha Alhamisi kwa kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na chumvi. Naipika Jumamosi polepole hadi inaachia mfupa, Jumapili napasha. Ndizi nazimenya Jumamosi mdogo anapolala mchana, nazilaza kwenye maji. Wageni wanakuja kama kawaida, kwa sharti kwamba kila nyumba inaleta chungu chake. Mwaka jana majirani wetu wa Bujumbura walileta maharage, rafiki yangu wa Nakuru akaja na chapati zimefungwa kwenye taulo, bado zina joto. Hakuna aliyeniuliza samoni iko wapi.

Matawi hayana kazi. Wasweden wanayaita påskris: vijiti vyembamba vya mti wa björk, ule wenye gome jeupe, vinavyofungwa manyoya ya rangi. Asili yake ni ukumbusho wa viboko alivyopigwa Kristo, na zamani watu walichapana navyo Ijumaa Kuu. Manyoya yalikuja baadaye sana. Tunaweka matawi kwenye jagi la maji mezani, basi. Baada ya siku kadhaa vichipukizi vinapasuka na majani madogo yanatokeza, ilhali nje bado miti ni mikavu. Mtoto wangu mdogo, wa miaka 3, anayagusa kwa ncha ya kidole kila asubuhi.

Na mayai, hapo ndipo maganda yanapofanya kazi. Unachukua yai bichi, unalilowesha, unabandika juu yake jani moja la giligilani, kisha unalifunga kwa kipande cha soksi ndefu ya nailoni iliyochakaa, ukikaza kwa uzi. Mayai kumi, maganda ya kutosha kuyafunika, maji, kijiko cha siki. Yachemke dakika kumi, halafu yaache yapoe humohumo. Ukikata uzi na kuvua soksi, yai limekuwa jekundu la udongo, rangi ya barabara za kwetu baada ya mvua, na katikati jani limebaki jeupe, hadi vijishipa vyake vinaonekana. Futa kwa mafuta kidogo ling'ae. Watoto wanafunga wenyewe, mimi nashika sufuria tu. Hakuna rangi ya kununua.

Jambo lililonisumbua zaidi si jiko. Mwaka wangu wa kwanza, Alhamisi Kuu jioni, mlango uligongwa. Wasichana watatu: vitambaa kichwani, aproni, mashavu yamechorwa madoadoa, mmoja na birika la shaba mkononi. Walinipa mchoro wa kuku wakasubiri peremende. Jirani akanieleza kwamba hao ni wachawi wa Pasaka, kwamba zamani watu waliamini usiku huo wachawi huruka na ufagio kwenda Blåkulla, mahali pa kwenye hadithi zao, kwa shetani. Nilifunga mlango mwili ukinisisimka. Mimi ni mtoto wa Kanda ya Ziwa, kule vikongwe wameuawa kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Baadaye nilisoma kwamba hata hapa, kati ya 1668 na 1676, waliuawa watu karibu 300 kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake. Leo watoto wanacheza juu ya kaburi la hofu ile. Sijaweza kulichukulia kama mchezo, lakini kumfungia binti yangu ndani huku rafiki zake wanapita mlangoni pia sikuweza.

Tukakubaliana hivi. Yeye huenda kama bibi wa Kihaya. Anajifunga kanga ya mama yangu kichwani, nyingine kiunoni, na anabeba kikapu chenye michoro na punje chache za kahawa ya kutafuna, kama mgeni anavyokaribishwa kwetu. Mwaka jana mzee wa ghorofa ya pili alichukua punje moja, akaitafuna pale mlangoni, akataka kujua hadithi yake yote. Binti yangu alimweleza kwa Kiswidi safi.

Kanisani tunaenda mapema na tunakaa pembeni, karibu na mlango, mdogo akichoka tunatoka bila kumsumbua mtu. Ninapenda kukumbuka kwamba Bengt Sundkler, Msweden aliyekuwa askofu wa Kilutheri Bukoba kuanzia 1961 hadi 1964, alikuwa profesa katika mji huu huu, na aliyempokea kiti alikuwa Josiah Kibira wa kwetu. Nikisikia "Kristo amefufuka" kwa Kiswidi sijihisi nimekuja kwa wageni.

Mwaka huu, 2026, Pasaka ni 5 Aprili. Saa tunasogeza 29 Machi, kwa hiyo watoto wana wiki nzima ya kuzoea, na tofauti yetu na nyumbani itakuwa saa moja tu. Mama ameshasema atapiga saa mbili asubuhi yao, kabla hatujatoka, aone mayai. Jana binti yangu aliuminya mfuko tena, akauinua mpaka sikioni kwangu nami nisikie. "Mama," akasema, "sasa inatosha."