Akropora (aina ya tumbawe la matawi) kupauka kwenye tangi la nje, hivi ndo nilivyotatua

Tangi langu la matumbawe liko nje kabisa, mwanga wa jua bure, taa sinunui. Shida ikawa akropora, kila joto likizidi ncha zinapauka halafu nyama inaanza kubanduka kuanzia chini. Wengi watakwambia jua kali, mi nikapima maji asubuhi na tena saa tisa mchana nikakuta joto linatoka 26 linafika 31, na chumvi nayo inapanda maana maji yanaenda na hewa chumvi inabaki, halafu mvua ikipiga inashuka ghafla. Tumbawe likizidiwa na joto linatema ule mwani unaoishi ndani yake, ndo ule weupe. Basi nikafunga neti ya kivuli saa za mchana tu, nikaweka feni inayopuliza juu ya maji, imeshusha karibu digrii 3. Ila feni inakausha maji balaa, kwahiyo lazima uwe na floti inayoongeza yenyewe maji yasiyo na chumvi, chumvi ya tangi ibaki gramu 35 kwa kila elfu ya maji. Mvua nimeizibia na bati la plastiki linalopitisha mwanga. Sasa ncha zimerudi zambarau na polipu (vile vinyama vidogo vinavyounda tumbawe) zinatoka hata mchana, ile iliyokufa nusu nimeikata nikabakiza kipande kizima.