Hewa iliyonidanganya: nilivyofunga Power Commander kwenye GSX-R750 yangu

Pikipiki yangu ni Suzuki GSX-R750 ya mwaka 2007 iliyotoka Uingereza. Niliinunua mkononi mwa mtu hapa Nairobi, ikiwa tayari imebadilishwa ekzosi na kuwekewa ea klina inayopitisha hewa zaidi kuliko ile ya kiwandani. Barabara ikifunguka ilikuwa raha tupu. Taabu ilikuwa mjini. Kati ya mizunguko 3,000 na 5,000 kwa dakika, ukivuta akseleta kidogo tu, injini ilisita kama mtu aliyepaliwa, kisha ikaruka mbele ghafla. Ukiwa kwenye raundabauti, matatu kushoto na lori kulia, kusita kwa namna hiyo kunatia hofu ya kweli. Na ukiachia akseleta kwenye mteremko, ekzosi ililia kama sufuria ya bisi.

Kabla ya kununua chochote nilianza na mambo ya msingi. Niliweka plagi mpya. Nilikagua ile mipira minne inayounganisha njia za hewa na injini, nikakuta kilipu kimoja kimelegea. Nilipokikaza, kusita kulipungua kidogo, lakini hakukuisha. Namsihi yeyote anayefikiria Power Commander, kifaa cha kurekebisha mafuta yanayoingia kwenye injini, asiruke hatua hii, maana hewa ikiwa inavuja, kila namba utakayoandika baadaye itakuwa ya uongo.

Power Commander V ni ya kampuni ya Dynojet ya Marekani. Ni kisanduku kidogo kinachoenea kiganjani, na hakigusi programu iliyo ndani ya kompyuta ya injini. Kinakaa kati ya kompyuta na injekta. Kompyuta inapoamuru injekta ifunguke kwa muda fulani, kisanduku hurefusha au hufupisha muda huo kwa asilimia uliyoandika wewe. Asilimia hizo hupangwa kwenye jedwali: kwenda chini ni mizunguko ya injini, kila baada ya 250, kwenda kando ni kiasi cha akseleta, kuanzia 0, 2, 5 na 10 hadi 100. Ukiandika 5 kwenye chumba kimoja, hapo injini inapata mafuta asilimia tano zaidi ya yale ambayo kompyuta ilitaka kuyatoa.

Wengi waliniambia kwamba Nairobi iko juu, mita 1,700 na kitu kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo jedwali lililotengenezwa nchi za chini halitanifaa. Si kweli kwa pikipiki hii. Kompyuta yake ina sensa ya kanieneo ya hewa na yenyewe hupunguza mafuta kadiri unavyopanda. Asilimia yako inahesabiwa juu ya hesabu ambayo tayari imefanywa. Kinachobadilisha mambo ni ekzosi, ea klina na hali ya injini yenyewe.

Kazi ya kufunga niliifanya Jumamosi moja, polepole, injini ikiwa baridi. Kwanza nilitoa waya hasi wa betri. Suzuki waliwafikiria mafundi: unafungua bolti za mbele za tangi, unainua tangi, unaliegemeza kwa fimbo inayokaa chini ya kiti cha abiria. Huhitaji kumwaga petroli wala kutoa mipira ya mafuta. Kisha ni kuchomoa soketi za injekta moja moja na kuingiza zile za kisanduku katikati. Nyaya zake zina rangi: ya machungwa ni silinda ya kwanza, njano ya pili, kijani ya tatu, buluu ya nne, na silinda ya kwanza ni iliyo upande wa mguu wako wa kushoto. Waya wa kusoma akseleta huungwa kwenye waya wa sensa yake, na waya wa ardhi niliupeleka moja kwa moja kwenye hasi ya betri. Soketi ya sensa ya kiwandani inayopima oksijeni kwenye moshi niliibadilisha na kile kiplagi kinachoituliza kompyuta, kwa sababu bila hicho, ukiwa katika mwendo wa utulivu, kompyuta huvuta mchanganyiko kurudi kwenye 14.7, yaani uzito wa hewa mara 14.7 ya petroli, na kufuta ulichoandika; namba ikishuka, petroli imezidi.

Kilichonichukua muda kuliko vyote ni kupitisha nyaya. Niliposhusha tangi mara ya kwanza halikukaa vizuri, nikahisi linabonyea. Nililiinua tena, nikakuta fungu la nyaya limebanwa kwenye fremu. Ningelikaza kwa nguvu ningekuwa nimekata waya na kuzua moto chini ya lita 16 za petroli. Nilizipitisha upya nikazifunga kwa kamba za plastiki, mbali na joto la injini.

Nilipakia jedwali la Dynojet lililokaribiana na ekzosi yangu, na kwa laptopu nikakionyesha kisanduku wapi akseleta inaanza na wapi inaishia. Kusita kukapungua kwa nusu. Nusu haikunitosha. Nikaongeza Autotune, ambayo ina sensa ya oksijeni ya kupima kwa mapana na hujaza masahihisho yenyewe unapoendesha.

Sensa hiyo inahitaji tundu kwenye bomba la moshi. Nilienda Kariobangi Light Industries kwa fundi mmoja mzee wa kuchomelea. Aliligeuza bomba mara mbili akasema, "Kijana, hii si bati la geti. Hapa ni argon peke yake." Nilimwomba alitege tundu likielekea juu kidogo, kwa sababu sensa ikilala, maji yanayojikusanya bombani asubuhi huiingia na kuipasua ikishapata moto. Alinielewa mara moja, na kazi yake haijavuja hadi leo.

Jioni tatu niliendesha njia ileile huku kifaa kikijifunza. Niliweka lengo la 13.8 kwenye akseleta ndogo na 13.2 kwenye kubwa, na mpaka wa masahihisho asilimia 20. Safu ya akseleta sifuri niliiacha tupu. Nilipofungua jedwali nilishtuka: kwenye akseleta ndogo palikuwa na nyongeza ya asilimia 14, 17, hata 20 kamili. Pikipiki ilinuka petroli. Taa ya akiba, ambayo huwaka karibu na kilomita 200, iliwaka kwenye 150. Plagi zilitoka nyeusi kama zilizopakwa masizi. Sensa ilidai hewa ni nyingi, plagi zikasema mafuta ni mengi. Mmoja alikuwa anadanganya.

Jibu nililipata kwenye kitabu cha ufundi cha pikipiki hii, usiku, kwenye ukurasa wa mfumo wa PAIR. Mfumo huu huchukua hewa safi kutoka kwenye boksi la ea klina na kuipuliza kwenye tundu za moshi, ili mafuta yaliyobaki yaungulie huko na moshi upungue sumu. Ni jambo jema kwa mapafu ya watu. Lakini hewa hiyo ina oksijeni, na hupita kwenye sensa yangu ikielekea nje. Sensa haiwezi kujua oksijeni imepitia injini au imeingilia mlango wa nyuma. Kila ilipoiona, kifaa kiliongeza petroli.

Nilithibitisha asubuhi. Injini ikiwa moto na inaunguruma taratibu, nilibana mpira wa PAIR kwa koleo huku nikitazama laptopu. Namba ikashuka kutoka zaidi ya 15 hadi chini ya 13 papo hapo. Nilibaki nimechuchumaa pale, nikabana na kuachia mara tano sita, kwa furaha.

Nilifuta masahihisho yote, nikaziba mpira kwa bolti na kilipu, nikaweka plagi nyingine, nikaanza upya. Safari hii masahihisho yalikuwa ya akili: 3, 4, 6 pale palipokuwa pakisita, na hasi 2 sehemu chache za juu. Vyumba vilivyoruka kuliko jirani zake nililainisha kwa mkono.

Kisha nikaipeleka barabara ya Magadi. Corner Baridi kuna upepo unaokata, karibu mita 2,000. Ukipita Olepolos na Olorgesailie unateremka hadi Magadi, kama mita 600, kwenye joto la kukausha koo. Kanieneo inapanda kutoka takribani kilopaskali 80 hadi 94 ndani ya safari moja. Namba zilibaki karibu na lengo njia nzima, kwenda na kurudi. Nguvu ya juu sikuona imeongezeka kwa namna ya kujivunia. Ila kwenye 3,500, gia ya pili, akseleta nyembamba kama unywele, injini inavuta bila kukatika.

Kazi ilipokwisha nilizima Autotune, nikatoa sensa, nikaziba tundu kwa bolti yake na kurudisha mpira wa PAIR mahali pake. Jedwali limehifadhiwa kwenye laptopu na kwenye flashi. Bisi mbili tatu bado hulia nikiachia akseleta mteremkoni, na sasa najua hewa yake inatoka wapi.