Balozi wa nyumba kumi wa Pennsylvania

Nimetoka zamu ya usiku, mgongo hauna jema, ndiyo kwanza usingizi umekolea, saa nne asubuhi mlango unagongwa. Nikajua ni mzigo. Nafungua nakuta kijana wa Kizungu, mfuko wa vipeperushi begani, simu mkononi, meno yote nje. Kanitazama, katazama simu, kauliza mke wangu yupo? Kataja majina yake yote matatu. Nikamwambia yuko kazini, mimi ndiye mwenye nyumba, sema shida yako. Kwa heshima zote akanijibu: "Samahani bwana, wewe haumo kwenye orodha yangu."

Kwenye mlango ninaoulipia kodi mimi! Mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, nabeba boksi mji huu wa Allentown, Marekani, mwaka wa saba, serikali inakata chake kila wiki kabla mimi sijakiona.

Usingizi ukawa umekwisha, basi nikamuuliza hiyo orodha imetoka wapi. Kumbe anapigia kampeni chama cha Democrat. Wadau, nilichoka. Daftari la wapiga kura la jimbo zima la Pennsylvania linauzwa dola 20. Pizza mbili! Humo mna jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, chama ulichojiandikisha nacho, na chaguzi ulizojitokeza kupiga kura. Uliyemchagua ni siri yako, lakini kama ulikwenda au ulilala nyumbani, wanajua. Nikamkumbuka balozi wetu wa nyumba kumi, yule mzee aliyejua nani kapokea mgeni na nani hajahudhuria mkutano. Kumbe na huku yupo, ila huyu anaishi ndani ya simu.

Halafu angalia alivyopita mtaani. Jirani wa mbele ana bendera ya Trump kubwa kama shuka, kijana hakupunguza hata mwendo. Yule bibi wa kona ni Democrat wa damu, hajakosa uchaguzi hata mmoja, naye karukwa. Wa kwanza hageuziki, wa pili hana haja ya kukumbushwa. Mke wangu ndiye mwenye kasoro: kaapa uraia, kajiandikisha Democrat, kapiga kura 2020 na 2024, lakini 2022, uchaguzi wa katikati ambao hauna rais, zamu zilimbana hakwenda. Kosa hilo moja ndilo lililoniamsha mimi.

Na wana sababu ya kuhangaika. Kwetu kura ya rais ya Tandahimba na ya Temeke ni kura moja moja, zinajumlishwa. Huku wanahesabu wajumbe 538 wa majimbo, ndio wanaomchagua rais, anayefikisha 270 kashinda, na karibu kila jimbo linampa mshindi wajumbe wake wote. California 2020 watu milioni sita na ushee walimpigia Trump, hawakumpatia mjumbe hata mmoja. Pennsylvania ina wajumbe 19 na haitabiriki, ndiyo maana tunaamshwa sisi. Mwaka 2024 Trump aliichukua kwa tofauti ya kura kama 120,000. Kiti cha Bunge cha eneo letu, Ryan Mackenzie wa Republican, chama cha Trump, alimng'oa Susan Wild wa Democrat kwa kura kama 4,000 tu. Elfu nne si zinajaa misa mbili za Pasaka?

Ukitaka kujua jinsi vyama vyao vinavyoshonwa, kaa chumba cha chakula cha ghala letu saa nane usiku, zamu ya mapumziko. Yupo mzee mmoja Mzungu, bakuli lake la supu halibadiliki, baba yake alichomea chuma Bethlehem Steel, kiwanda cha mji jirani, na alikuwa Democrat hadi kaburini. Zamani hizo, tangu Rais Roosevelt achaguliwe 1932, kapu la Democrats lilikuwa la ajabu: vyama vya wafanyakazi, Wakatoliki wa uhamiaji, Weusi wa miji ya kaskazini, na humo humo Wazungu wa Kusini wasiotaka kula meza moja na Mweusi. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 ikatoboa kapu. Wa Kusini wakaanza kumwagika, Nixon wa Republican akawakinga, 1980 Reagan wa chama hicho hicho akaongeza watu wa makanisa na wafanyakazi kama mzee huyu. Huku kwetu tanuru za chuma zikazimwa 1995, na sasa sehemu ya kiwanda ni kasino. Mzee anasema chama cha baba yake kilimkuta amelala kikampita. (Mimi kingenipita niko macho, sina kura.)

Mezani hapo hapo yupo mama wa Kipuerto Rico. Wao ni raia tangu kuzaliwa, ila wakiwa kisiwani hawamchagui rais. Wakihamia Allentown wanamchagua. Oktoba 2024 mchekeshaji kwenye mkutano wa Trump kule New York akakiita kisiwa chao lundo la takataka linaloelea. Siku mbili baadaye Trump yuko hapa Allentown anaomba kura. Nikajua kwisha habari yake. Huyu mama akaniambia utani haulipi kodi ya nyumba, akampigia. Dada yake akampigia Harris, mgombea wa Democrat, wakanuniana hadi Krismasi.

Sasa wewe unayepanga kuja, nisikilize. Ofisi ya leseni ya udereva wanaweza kukuwekea swali la kujiandikisha kupiga kura. Kama una makaratasi ya ukaazi tu, JIBU HAPANA. Usiseme ni mashine iliniuliza. Siku ya kuomba uraia fomu inauliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura, na hapo watu wamepandishwa ndege na watoto wao wakabaki. Mimi mwakani naomba wangu, inshallah, ada juu yangu, nione atakayegonga mlango huu bila kuniulizia.

Kijana aliacha kipeperushi chenye mistari miwili ya kalamu. Jioni Mama Neema kakisoma amesimama, hata koti hajavua.

"Baba Neema, huyu ni nani?"

"Balozi wako."

Kakigeuza, kakirudia. "Ameandika jina langu bila kukosea. Kazini mwaka wa nne hawajaweza."

Kakibandika kwenye friji.