Fedha za Kuhimili Tabianchi na Hesabu ya Miche

Kila ninaposoma andiko la mradi wa kurejesha mikoko, hutafuta kwanza bajeti, na ndani yake huangalia ni kiasi gani kimetengwa kwa kazi ya baada ya kupanda. Mara nyingi ni kidogo mno, kwa kuwa mradi wenyewe ni wa miaka michache tu, na mfadhili hutaka idadi ya miche iliyopandwa kabla muda huo haujaisha.

Hesabu hiyo ndiyo inayoiharibu kazi. Mbegu ndefu za mkoko ni rahisi kuokota na kuchomeka, basi huchomekwa kwa maelfu kwenye matope yanayofunikwa na maji muda mrefu kila siku, mahali ambapo hata mlilana na mchu, miti iliyozoea kukaa mbele upande wa bahari, haioti yenyewe. Mawimbi huilaza miche hiyo, maji huizamisha, na mingi hufa. Jirani na hapo huenda pana msitu uliokauka kwa sababu tuta la barabara au bwawa la kufugia kamba limeziba njia ya maji ya bahari. Kuizibua njia hiyo kungeurudisha msitu bila kupanda hata mche mmoja, ila kazi ya namna hiyo haina miche ya kuandika kwenye ripoti.

Tena fedha zenyewe za kuhimili, yaani za kuzisaidia nchi kukabili athari za mabadiliko ya tabianchi, ni chache. Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi uliofanyika Glasgow mwaka 2021 ulizihimiza nchi tajiri ziongeze angalau maradufu fedha za kuhimili ifikapo 2025, kutoka kiwango cha 2019. Hata hivyo, sehemu kubwa ya fedha za umma za tabianchi hutolewa kama mikopo, na msitu unaovunja nguvu ya mawimbi hauingizi mapato ya kulipia deni. Kwa maoni yangu, kazi hii ni ya ruzuku.

Mfuko wa kuhimili uliotokana na Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesi joto, ulianza mwaka 2010, kwa taasisi ya Senegal, kuziidhinisha taasisi za kitaifa zipokee fedha moja kwa moja, bila kupitia mashirika ya kimataifa. Natamani utaratibu huo uwafikie wanaoishi kando ya misitu yenyewe, na sehemu ya ruzuku iwekwe akiba, walipwe mwaka wa tano na wa kumi kwa kadiri ya miti iliyo hai.