Nilivyousaka mtetemo wa Hilux yangu kwa chupa ya maji

Kila niliyemwambia Hilux yangu inatetemeka alikuwa na jibu kabla sijamaliza kueleza. Balansi ya matairi. Alaimenti. Mauntingi za injini, zile raba zinazoibeba. Mmoja alinishauri niiuze tu, na nilipomuuliza nani atanunua gari bovu, kumbe mnunuzi ni yeye.

Gari ni la 1994, injini aina ya 3L, kazi yake kubeba vitunguu vya Mang'ola. Masika yote lilikuwa likihangaika kwenye matope, na huko hata gari jipya linatetemeka. Mvua zilipokatika nikashika lami ya Makuyuni. Kwenye 65 ukaanza mngurumo chini ya kiti. Kwenye 80 kioo cha pembeni kikawa kinanionyesha malori mawili, nyuma yangu lipo moja.

Balansi nikafanya, wapi. Matairi ya nyuma nikayahamishia mbele, wapi. Mauntingi mpya zikala laki na kitu pamoja na ufundi, na kweli injini ikatulia kama mgonjwa aliyechomwa sindano, ila gari likiwa limesimama! Likifika 80, yale yale. Hapo nikaudhika, nikaamua kulisikiliza gari lenyewe.

Alfajiri, barabara nyeupe, nikafika 80 nikatoa gia, gari likawa linaserereka kwa nyutro huku injini imeshuka kwenye sailensa, mwendo wake wa chini kabisa. (Usizime injini, utajikuta unapigana na breki na usukani.) Mtetemo haukupungua hata chembe. Kwa hiyo injini haimo, na pesa yangu ya mauntingi ndiyo ilikuwa imekwenda. Tatizo linafuata mwendo: ama matairi, ama propela, lile bomba refu linalozunguka kupeleka nguvu nyuma.

Sasa chupa. Nilimwambia utingo wangu aishike chupa ya maji nusu sakafuni, karibu na gia, asiibane sana. Alidhani nimeanza mambo ya waganga. Hesabu yangu ilikuwa hivi: kwenye 80, tairi langu linazunguka kama mara 10 kwa sekunde, na kwa kuwa difu, ile gia ya katikati ya matairi ya nyuma, inapunguza mizunguko takriban mara 4, propela inazunguka kama mara 40. Tairi likiwa na kosa, maji yatayumba mawimbi makubwa. Utingo akasema, "Mzee, maji yanasisimka tu, kama ngozi ya mtu mwenye baridi." Vijikunjo vidogo vidogo, vya haraka. Propela!

Nikaingia uvunguni. Senta beringi, inayoshika propela pale vipande vyake viwili vinapokutana, nzima, raba yake haijachanika. Nikaitikisa propela kwa mikono miwili, haichezi. Krosi ya nyuma, kile kiungo cha msalaba kinachoiruhusu propela kujikunja, ngumu, mpya kabisa. Lazima iwe mpya, niliiweka mwenyewe mwezi wa tatu, uani kwangu, kwa nyundo na soketi mbili, ili nisimlipe fundi.

Nikakaa kimya hapo chini kama dakika tano.

Siku ile nilichomoa na splaini ya propela, pale penye meno yanayoingiliana, nikaipaka grisi, halafu nikairudisha vyovyote ilivyoingia. Alama sikuweka. Krosi ikiwa kwenye pembe haizungushi kwa mwendo mmoja, huharakisha na kuchelewa mara mbili kila mzunguko, na krosi ya upande wa pili ndiyo inayofuta kasoro hiyo. Ili ifute, uma zinazoshika krosi kwenye ncha zote mbili za kile kipande cha nyuma lazima zilale sambamba. Nilikishusha, nikakilaza kwenye sakafu ya saruji, nikaazima pimamaji ya jirani yangu fundi ujenzi. Uma moja povu katikati kabisa. Nyingine povu limekimbilia pembeni! Meno mawili ya splaini, basi. Nikachomoa, nikasogeza, nikapiga alama mbili za rangi nyeupe ambazo hata kipofu angezipapasa. Gharama ya siku hiyo: grisi kidogo na soda ya jirani.

Asubuhi yake tulipita 80 na chupa sakafuni. Utingo akaanza kunywa yale maji.

Yule fundi wa mauntingi nilikutana naye sokoni, akataka kujua ilikuwa nini. Nikamweleza. Akacheka, akauliza ni nani huyo aliyefunga propela bila alama.

"Fundi mmoja tu wa uani," nikamwambia. "Hajui kitu."