Mahali Reli Inapokomea

Mwezi wa Julai mwaka 1989, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, babu alinichukua nyumbani kwetu Ilala, Dar es Salaam, twende Kigoma, mji alioutumikia miaka mingi akiwa katika genge la kutengeneza reli. Kabla hatujaingia stesheni alinipeleka mahali panapoonekana bandari, akasema: "Mke wangu, tukifika kule nitakuonyesha kitu kilichopita hapa."

Njiani tulikula kuku tuliouziwa dirishani Saranda. Babu alinieleza kwamba Wajerumani walianza kuijenga reli hiyo Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma Februari 1914, miezi michache tu kabla ya vita kuanza. Alisema kuwa mataruma hayakulala pale yenyewe, bali yalilazwa na Waafrika, na sauti yake ilibadilika kila alipowataja.

Tuliposhuka Kigoma, hakunipa nafasi ya kulitazama vizuri jengo la stesheni la Wajerumani, ambalo leo ninalipenda kuliko majengo yote ya mji ule. Alinishika mkono tukateremka hadi ziwani, kwenye meli Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikashushwa Dar es Salaam na kupandishwa garimoshi, kisha ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe, lakini kwanza walizipaka injini zake grisi nyingi. Ndiyo maana Waingereza walipoiibua mwaka 1924 iliweza kutengenezwa, na ikarudi kazini mwaka 1927.

Kesho yake tulikwenda Ujiji kwenye mnara wa Livingstone na Stanley, waliokutana hapo mwaka 1871. Nilisoma maandishi yake haraka, kwa kuwa mawazo yangu yalikuwa bado bandarini, na hadi leo naamini kwamba wabebaji wa masanduku yale nao wanastahili mnara.

Jioni nilimwomba babu turudi ziwani. Aliniruhusu kugusa ubavu wa meli, nikakuta chuma kingali na joto la jua.

"Hiki ndicho kilichopita kwenu," alisema.