Pomboo wa nundu, asiyepigwa picha

Wageni wengi wanaovuka kutoka Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, kuja kisiwa cha Wasini huwa wameshamchagua pomboo wao tangu nyumbani: yule wa mabango, anayeruka mwili mzima ukatoka majini. Wangu ni mwingine. Ana nundu mgongoni, na juu ya nundu hiyo pezi dogo limekaa kama kibanda kileleni mwa kilima. Rangi yake kijivu. Haruki ovyo. Akija kuvuta pumzi hutanguliza mdomo mrefu, mgongo ukapinda, nundu ikapita, basi. Ukigeuka kumwambia jirani yako, umemkosa.

Mjomba wangu ni nahodha, na ndiye aliyenifunza kuwapambanua. "Tazama pezi, mwanangu, mruko utakuhadaa." Pezi likiwa refu, limepindia upande wa mkia, huyo ni pomboo wa kawaida wa huku kwetu, na waliokomaa wana madoa tumboni. Ndio wanaoonekana sana ukielekea Kisite, hifadhi ya baharini, na ndio wanaosogelea boti. Wa nundu ukimfuata na mashine anazama, anaibukia usikotarajia, tena mbali.

Uzuri wake ni kwamba humhitajii boti. Hapendi kina kirefu. Maisha yake hasa ni kwenye maji ya chini ya mita 25, karibu na miamba na mikoko. Mimi humtafuta nikiwa nchi kavu, upande wa Wasini unaotazamana na Shimoni, asubuhi kabla upepo haujaamka, maji yanapojaa. Upepo ukishachafua uso wa bahari, kila wimbi ni pezi, na macho yanachoka bure. Sianzi kwa kumtafuta yeye. Natafuta shakwe waliokusanyika mahali pamoja, au samaki wadogo wanaorukaruka juu ya maji. Kukiwa kimya unasikia pumzi kwanza, "fuu!", ndipo unapogeuka. Mara nyingine aliyeibuka ni kasa, kichwa tu, akakutazama na kurudi chini. Hata huyo simdharau.

Lakini kukaa kwake karibu nasi ndiko kunakomponza. Maji hayohayo ndimo majarife, zile nyavu kubwa, yanamotegwa usiku kwa ajili ya papa na samaki aina ya taa, na pomboo akinaswa chini hawezi kupanda kupumua. Bandari nazo zinajengwa pwani, na uchafu wa miji unaishia pwani. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimweka pomboo wa nundu wa Bahari ya Hindi katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka. Simlaumu mvuvi anayetafuta chakula cha wanawe. Ila nashangaa tunavyomtangaza anayeruka, na huyu anayepita mbele ya madirisha yetu wengi hata hawamjui.

Ukitaka boti, panda, sikukatazi. Hifadhi ya Kisite ina kilomita za mraba 28, matumbawe yake ni ya kupendeza, na kile kisiwa chenyewe, kidogo mno, ndege wa baharini hukitumia kuzalia. Kuanzia Julai hadi Septemba nyangumi wa nundu nao hupita, wamepanda kutoka bahari ya barafu ya kusini kuja kuzaa kwenye maji ya joto. Hapo upepo wa kusi bado unavuma, kwa hiyo jiandae kulowa, na mwenye kichefuchefu asinywe chai ya maziwa asubuhi hiyo. Kabla hujalipa, muulize nahodha: tukiwaona pomboo, utafanya nini? Akijibu kwamba atawakimbilia mpaka uguse pezi, tafuta mwingine. Mzuri hupunguza mwendo mapema, hukaa ubavuni mwao bila kuwakata njia, na wakiwa na mtoto huwaacha waende.

Kuna mgeni mmoja, kijana wa Nairobi, alimlalamikia Mjomba kwamba wale wa nundu tuliowaona "hawakufanya chochote." Mjomba hakuondoa mkono kwenye usukani. "Walikuwa wanakula," akamwambia. "Wewe ukila hurukaruka?" Boti nzima ilicheka, na kijana mwenyewe akacheka, kisha akaweka simu chini akaanza kutazama.

Mkirudi Wasini, msikimbilie gati. Pitieni ile njia ya mbao ya akina mama wa kisiwani, inayokatiza kwenye bustani ya matumbawe makavu na mikoko. Kiingilio ni kidogo na hela yake hubaki kijijini. Maji ya bamvua, yanayojaa kupita kawaida, huifunika bustani, lakini yakipwa utaona kaa wakikimbilia mashimo yao na yangeyange wakiwavizia. Agizeni na mboga pwani. Ina chumvi yake yenyewe, kwa hiyo mwambieni mpishi asiongeze.

Mimi nitakuwa huko Desemba, upepo wa kaskazi ukishatulia. Darubini ninayo moja tu, ya kupokezana.